Uniambie Mlangoni

Mdogo wangu Zaina,

Tulikuzika jana alasiri, na leo asubuhi nimekaa kwenye meza yako na karatasi mbili mbele yangu. Moja ni hii ninayokuandikia. Nyingine ni ya binti yako Sada, kule Yangambi, ambaye mpaka sasa hajui kitu. Yuko kwenye kituo cha kilimo anahesabu miche yake ya michikichi na kungoja likizo aje akuone. Boti inaondoka saa saba mchana. Mtu wa boti amekubali kuichukua barua, lakini amesema wazi kwamba injini yake haingoji machozi ya mtu. Karatasi ya Sada ingali nyeupe. Nimeanza na yako kwa sababu kuna jambo sina budi kukuambia wewe kwanza, kabla sijamwambia mtoto wako lolote.

Tonton Ramazani amekaa kwenye kiti cha marehemu papa aliyetuzaa, karibu na mlango, anazungusha tasbihi na kunitolea macho. Unamjua baba yetu mdogo. Tangu alfajiri ameniambia jambo moja mara nne.

"Andika mama yake iko mugonjwa kidogo, basi. Akuje mbio. Hapa tutamupokea, atakula, atapumuzika, kisha mimi mwenyewe nitamuambia polepole."

"Tonton, tumemuzika jana. Ugonjwa gani tena?"

"We Aziza, unataka mutoto ya mutu aanguke ndani ya maji?"

Kiti ni kile kile, Zaina, na sauti ni ile ile. Tasbihi tu ndiyo mpya, maana ile ya zamani ilikatika. Na mimi nimeshika kalamu tena. Mara ya kwanza nilikuwa na meno yangu yote, na nilidhani wakubwa wanajua wanachofanya.

Unaukumbuka ua wetu mwaka wa uhuru? Papa hakuwa na nafasi ya kupumua. Kila mtu Kisangani alitaka kiti chenye mikono, maana kila mtu aliamini kuna ofisi inamngoja. Hata yule jirani aliyekuwa akiuza mkaa aliagiza kiti. Papa alikuwa akicheka huku akipiga randa, na sisi wawili tulikuwa tukikusanya maranda ya kuwashia moto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, wewe kumi na mitano, na mama yetu alikuwa amelala makaburini tangu ukiwa mdogo hata hujaweza kufunga kitambaa chako mwenyewe. Mimi ndiye niliyekifunga.

Tulijifunza kuusikiliza msumeno wa papa. Akikata mbao ndefu, ni meza. Akikata na kupima, na kuimba, ni kabati la bibi arusi. Lakini kulikuwa na siku alikata mbao fupi, zote urefu mmoja, bila kupiga randa na bila kuimba, na hapo tulijua kwamba kuna mtu amekufa na hizo ni mbao za kumfunikia kaburini. Watu wa msiba walikuwa wakija kuzichukua, na mara nyingi palepale uani, wakizingoja, walikuwa wakimwomba mtu mwenye kalamu awaandikie ndugu zao wa Yanonge au Isangi: fulani ni mgonjwa kidogo, njooni. Ndivyo watu wetu walivyofanya, na ndivyo wanavyofanya hadi leo. Msafiri haambiwi kifo njiani. Anaambiwa ugonjwa, anafika, anaketishwa, anapewa maji, anapewa chakula. Akishakula ndipo wazee wanakohoa.

Papa alikuwa akikasirika. Nakumbuka siku alipoinua ubao mmoja akamwonyesha mzee wa watu. "Mimi ninapasua mbao zake, na nyinyi munaandika iko mugonjwa? Alors, hii ni mbao ya kitanda ya kuponea?" Yule mzee aliondoka na mbao zake amenuna, na barua iliandikwa vile vile.

Kisha ikaja siku ya Shangazi Mwajuma. Wewe ndiye uliyeshika birika la maji ya kunawa, ndiyo maana iliingia ndani yako kuliko ndani yangu. Alikuwa amepiga kasia tangu asubuhi ya jana yake kutoka Yanonge kwa sababu aliambiwa mume wake anaumwa huku mjini. Tulimpa wali na samaki. Alikula haraka haraka, tonge kubwa kubwa, ili amalize aende kumwona, na kila baada ya tonge alikuwa anauliza, "Iko kwa chumba gani?" Wakubwa walimjibu, "Kula kwanza." Alipolamba vidole, Tonton Ramazani akakohoa. Shangazi alielewa kabla hajasikia neno. Wali wote ule ukarudi, kwenye mkeka, kwenye nguo yake, kwenye miguu yako.

Jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya mto, ulinivuta nyuma ya lundo la maranda. Hukuwa unalia. Ulikuwa na hasira, ile hasira yako ya kunyamaza. "Yaya," ulisema, kama ulivyoniita siku zote mimi dada yako mkubwa, "siku yangu ikifika, usinilishe. Uniambie kwa mulango, hata kama mizigo ingali kichwani." Nikasema sawa. Ukasema sawa haitoshi, niape. Nikaapa kwa jina la mama. Ukanifanya niape mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza, ulisema, nilikuwa nikitazama kuku.

Baada ya miaka miwili hivi uliolewa na yule kijana wa reli, mkaenda kuishi Ubundu. Tulikuvusha mto hadi ng'ambo kwenye stesheni, papa akiwa amebeba kabati lako dogo kichwani, hataki mtu mwingine aliguse. Tangu hapo tukaandikiana kwa mkono wa watu wa treni. Barua zako nilizipenda kwa sababu zilikuwa fupi na zilisema kitu. "Yaya, nina hamu ya pondu yako, huku majani ya muhogo hawayatwangi vizuri. Mama mkwe ananichosha lakini si mtu mbaya. Nadhani nina mimba, nikikosea nitakuambia." Barua zangu mimi zilianza na salamu za nyumba nzima, na za jirani, na za jirani wa jirani, na ulinicheka. Uliandika kwamba salamu zangu zimejaza karatasi hadi habari imekosa pa kukaa. Nilikasirika siku mbili, kisha nikacheka.

Papa alianguka Jumatatu moja asubuhi katikati ya maranda, randa mkononi. Hakuugua hata saa moja. Ukutani palikuwa na mbao fupi alizokuwa amezikata za akiba, na hizo ndizo alizofunikwa nazo alasiri ile. Hakuna aliyehitaji kupiga msumeno. Wakati ule mji ulikuwa umeanza kuwa na wasiwasi, watu wakinong'ona kwamba waasi wanakuja, wako hapa, wamefika pale, lakini treni ilikuwa bado inakwenda. Ungeweza kuja. Usingewahi maziko, lakini ungekaa nasi kwenye matanga, ungelia na watu wako.

Tonton Ramazani alikaa kwenye kiti hiki. "Zaina iko na mimba ya miezi sita. Ukimuandikia kifo, utaua wawili."

"Tonton, niliapa."

"Kiapo ya watoto. Andika."

Nimekusimulia hayo mara nyingi, nikimlaumu Tonton. Leo nikuambie kile ambacho sijakuambia. Aliposema hivyo nilihisi nafuu. Sikuwa na nguvu ya kuliandika lile neno. Nilikuwa sijalisema kwa mdomo wangu hata mara moja, watu ndio waliokuwa wakilisema mbele yangu. Nikasema moyoni, ni kwa ajili ya mtoto. Haikuwa kwa ajili ya mtoto. Ilikuwa kwa ajili yangu, na mimba yako ilinifaa. Nikaandika: "Papa ni mgonjwa kidogo. Usihangaike."

Jibu lako lilifika pamoja na kifurushi cha samaki wa kukaushwa, wale wakubwa, wamefungwa kwenye majani vizuri, na mizizi ya dawa ambayo mama mkwe wako aliichimba mwenyewe. Barua yako ninayo hadi leo. "Yaya, uniambie kama ilivyo. Anakula? Anatembea? Samaki ni wa kumfanyia mchuzi, usitie pilipili. Kama ni ule ugonjwa mwingine, niambie, nitakuja na tumbo langu hivi hivi. Nikikosa neno kwako, nitajua ni ugonjwa tu."

Ulikuwa umenifungulia mlango wazi kabisa. Nami nikakuandikia: "Anakula. Jana alitembea hadi mlangoni. Anakusalimu." Hakuna aliyeniambia niandike barua hiyo ya pili. Tonton hakuwepo hata. Niliiandika peke yangu, na nilimtembeza marehemu hadi mlangoni kwa kalamu yangu mwenyewe. Kisha tukapika wale samaki, tukala. Walikuwa watamu, Zaina, na nililia nikiwatafuna.

Baada ya hapo Simba, wale waasi, waliingia mjini na treni ikasimama. Siku hizo mtu alikuwa anasema kile kinachomfikisha nyumbani. Ukikutana na kizuizi barabarani, ulikuwa unatazama kwanza mwenye bunduki ni nani, ndipo unajua wewe ni nani. Nilisema uongo mwingi miezi ile, sote tulisema, na sijutii hata mmoja kati ya huo. Lakini sitajificha nyuma ya bunduki. Barua zako mbili niliziandika kabla haijafika hata bunduki moja, kwenye meza safi, hakuna mtu aliyenishikia kisu.

Ukarudi treni ilipoanza tena, baada ya askari wa serikali kuuchukua mji. Nilikuwa nimejitayarisha. Miezi yote ile, nikifua, nikichota maji, nilikuwa nikisema peke yangu, "Zaina, papa alikufa. Zaina, papa alikufa." Nililisema hadi likawa jepesi mdomoni. Nikakuona unaingia uani, umekonda, Sada mgongoni, mfuko kichwani. Uliita kabla hujafika kivulini.

"Yaya! Papa iko wapi? Nimemuletea mujukuu!"

Nami nikasema, "Kaa kwanza. Utakuwa na njaa."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Naapa sijui. Mikono yangu ilikwenda jikoni yenyewe, ikapakua wali, ikapakua pondu, ikaleta maji ya kunawa. Nilikuwa nikikimbia huku na huku kama mtu aliyetembelewa na wakwe. Wewe ulikuwa na njaa kweli, ulikuwa umetoka Ubundu na mtoto anayenyonya. Ulinawa. Ulitoa kwenye mfuko kofia uliyomshonea papa, nyeupe, nakshi za uzi wa kijani, ukaiweka gotini ili isichafuke. Ukatia tonge mdomoni, na ukiwa unatafuna ukatazama meza ya kazi ya papa pale kwenye kibanda. Hapakuwa na maranda chini. Kuku alikuwa ametaga juu yake.

Uliacha kutafuna. "Yaya," ulisema, "unanilisha."

Ulitoa lile tonge mdomoni, ukaliweka pembeni mwa sahani.

"Tangu lini?"

"Mbele Simba waingie."

"Alikufa nyuma ya barua ya kwanza, ao ya pili?"

"Mbele ya zote mbili."

"Na samaki?"

"Tulikula."

Sada alikuwa ameanza kulia, na hukumgeukia. Kisha ukasema kitu ambacho nilikuwa sikijui, na ndicho kilichoniua. "Mama mukwe aliniambia: ile barua ni ya matanga, mwanangu, funga mizigo. Nikamuambia, yaya wangu haandikake vile. Nilimutukana, Yaya. Nilimutukana mama ya watu mbele ya watu, sababu yako." Uliinuka, ukaiweka ile kofia juu ya meza kando ya mayai, ukaenda kwa mke wa jirani kumwomba akuonyeshe kaburi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nilijua kaburi liko wapi, na hukuniomba.

Watu walidhani tutagombana. Laiti tungegombana! Hukuwahi kunipigia kelele. Uliporudi kukaa nami moja kwa moja na mtoto, mume wako akibaki na kazi yake ya reli kule Ubundu, tuliishi ua mmoja miaka zaidi ya ishirini, tukichota maji pamoja, tukisukana nywele, tukicheka watu. Ila nikikuambia mvua inakuja, ulikuwa unatoka kuangalia mawingu. Nikikuambia Sada hana homa, ulikuwa unamgusa paji la uso mwenyewe. Na kila siku, kila siku ya Mungu, nilipokuletea sahani, kabla hujanyoosha mkono ulikuwa unanitazama usoni na kuuliza, "Kuko habari?" Nikikujibu "Hakuna," ndipo unakula.

Sada alikua akisikia hivyo, akadhani ni sehemu ya bismillahi. Unakumbuka alivyokwenda kula kwa jirani, mtoto wa miaka minne, akakunja mikono mbele ya sahani ya watu akauliza, "Kuko habari?" Walicheka hadi wakaja kutusimulia. Wewe ulicheka nao. Mimi niliingia jikoni nikajifanya napuliza moto.

Mara moja tu nilishindwa kuvumilia. Nilipiga sufuria chini nikasema, "Mpaka lini, Zaina? Unanipa azabu mpaka lini?" Ulinitazama kwa mshangao, si kwa chuki. "Siyo azabu, Yaya. Nikikuona unashika sahani, moyo yangu inauliza yenyewe." Nilikuamini, kwa sababu wewe hukuwa na desturi ya kusema usichokihisi.

Na taratibu lile swali likanifunza. Siku nyingine kulikuwa na habari, nami nikajifunza kuitoa kabla ya chakula. "Kuko. Nimevunja kikombe chako cha maua." Ukasema, "Wewe na mikono yako," ukala. Na siku ile watu wa treni waliponiletea habari kwamba mume wako ameoa mwingine Ubundu, sikungoja hata sahani. Nilikukuta kwenye kizingiti na ndoo kichwani, nikakuambia pale pale. Uliitua ndoo, ukaketi juu ya jiwe, na baadaye ukala pondu yote niliyopika. Siku ile nilidhani deni letu limepungua kidogo, mimi na wewe. Nililala usingizi mzuri, na naona aibu kusema hivyo, maana wewe ulikuwa umeachwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Homa yako ilianza Jumamosi. Sote tulidhani ni malaria ya kawaida, itapita, na wewe mwenyewe ulinikataza nisimsumbue Sada. Jumanne mchana nesi wa zahanati alikupima, akanivuta nje barazani. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa mchele. Akasema, "Mama Aziza, sitakudanganya. Damu imekwisha na moyo umechoka. Hatapona huyu." Akasema kwa upole, lakini alisema lote, na kwa sauti ya kawaida, na nilimshukuru. Kisha akaondoka, nikabaki na bakuli.

Nilisimama kwenye mlango wa chumba chako. Ulikuwa umefumbua macho. Nilikuwa na jibu mdomoni, Zaina. Nilijiambia, ataniuliza sasa, kama kila siku, nami nitasema "Kuko," na nitasema lote. Nikangoja. Ulinitazama usoni, muda mrefu kuliko desturi. Kisha ukafungua mdomo, si kwa kuuliza. Ukaufungua kwa kijiko.

Nikakulisha. Vijiko vitatu. Ulijipangusa mdomo kwa kona ya shuka ukasema, "Sukari imezidi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwako yenye maana. Jana kabla ya adhuhuri ulikwenda.

Nimegeuza jambo hilo kila upande. Labda ulikuwa umechoka tu, na swali lilikuwa zito kwako. Labda ulikuwa umenisamehe, na ulitaka kula mara moja mkononi mwangu bila kunihoji. Au labda uliiona habari yote usoni mwangu, ukanihurumia, ukanyamaza ili nisilazimike kuisema. Hili la tatu ndilo linalonitafuna. Sitalijua kamwe, na hakuna wa kumwuliza.

Lakini nikijibembeleza hivi na vile, najua kitu kimoja. Nyuma ya maranda hukuniambia "uniambie nikikuuliza." Ulisema uniambie kwa mlango. Na Jumanne nilikuwa nimesimama mlangoni, Zaina. Mlangoni kabisa. Nikakulisha kwanza.

Basi nakuambia sasa, nimechelewa siku mbili. Nesi alisema hutapona. Nilijua nikiwa na bakuli mkononi. Ungeweza kuniagiza jambo kuhusu Sada, ungeweza kuomba kumwona, ungeweza kunitukana. Nilikunyima hayo yote kwa woga ule ule wa zamani, na safari hii sina wa kumsingizia, maana Tonton alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai.

Nimeandika barua ya Sada sasa hivi, wino haujakauka. Sikuweka salamu za nyumba nzima. Nakunakilia, kwa sababu ni yako pia:

"Sada mwanangu, keti chini kwanza. Mama yako alikufa Jumatano kabla ya adhuhuri, na tulimzika alasiri ile ile. Homa ilianza Jumamosi. Sikukuita kwa sababu nilidhani itapita, hilo ni kosa langu na utaniuliza uso kwa uso. Jumanne alikula vijiko vitatu vya uji akasema sukari imezidi. Lia hapo hapo ulipo, na watu wako wa kazi. Usipande boti peke yako, mwombe mwenzako akusindikize. Hakuna kitu kingine tulichokificha."

Nilimsomea Tonton kwa sauti. Tasbihi ilisimama. Alisema nitamuua mtoto. Alisema watu watatusema kwamba nyumba hii haina adabu, tunarusha kifo kwenye karatasi. Kisha akatazama mikono ya kile kiti ambayo papa aliipiga randa mwenyewe.

"Na mimi nikikufa," akauliza, "watoto yangu kule Kinshasa utawaandikia nini?"

"Nitaandika umekufa, Tonton."

Tasbihi ikaanza kuzunguka tena. "Bon," akasema. "Lakini uandike na mwandiko muzuri." Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

Kofia ya papa nimeitoa sandukuni. Uliniachia miaka yote ile bila kuniambia niifanyie nini, na leo nimeiweka juu ya meza hii, nitampa Sada pamoja na habari yake yote, tangu barua ya kwanza. Ataamua mwenyewe kama atakula kwangu tena.

Nakuacha sasa, mdogo wangu, mtu wa boti ameanza kupiga kelele kule majini. Wanawake wa matanga wanataka kupika chakula cha kumpokea mtoto, nimewaambia wangoje. Boti ikirudi, hatanikuta nyumbani. Nitakuwa kwenye ukingo wa maji mbele ya watu wote, mikono mitupu, na akiniuliza kama kuna habari, nitamjibu kabla hajakanyaga nchi kavu.

Yaya wako,
yule aliyekulisha kwanza